Uchumba wa Wadudu Pindi Idadi Inapobanwa

Jike wa nzi akichukuliwa na upepo kutoka kisiwa kimoja akatua kingine, hafiki peke yake. Tumboni ana kifuko kidogo kinachohifadhi mbegu za dume aliyempanda kabla ya safari, na huenda za madume wawili au watatu. Akipata gome linalooza au tunda lililoanguka, atataga, na ukoo mzima utatoka kwake. Wanawe watapandana wao kwa wao, maana hapana wengine. Vizazi vikipita kisiwa kitajaa nzi, na wote watakuwa uzao wa yule mgeni mmoja.

Tukio la namna hii, ambapo idadi ya viumbe inashuka hadi wachache mno kisha inapanda tena, nitaliita mbano. Si lazima pawe na bahari. Ukame, dawa ya kuua wadudu au kimelea kipya huleta mbano. Mtafiti anayekamata mbu mia moja porini na kuwafungia maabara naye ameleta mbano. Swali ni hili: wadudu waliopita kwenye mbano huendelea kuchumbiana kama mababu zao? Majaribio na uchunguzi wa miaka mingi vinaonyesha kwamba mara nyingi hawaendelei. Ubishi uko kwenye sababu. Maelezo yaliyovuma zaidi yanatupa mzigo wote kwenye bahati nasibu ya jeni, nami nadhani hayo ndiyo maelezo dhaifu. Nguvu kubwa iko kwenye jambo lililo wazi zaidi: wachumba wanapoadimika, jike mwenye masharti mengi hufa bila kuzaa.

Tuanze na bahati nasibu. Mwaka 1954 mwanabiolojia Ernst Mayr alipendekeza kwamba kundi dogo linalojitenga na umma hubeba sehemu ndogo tu ya jeni za wenzao, na kwamba upungufu huo unaweza kuvuruga mfumo mzima wa jeni zilizozoea kufanya kazi pamoja, mpaka ukazaliwa mfumo mpya. Akauita mapinduzi ya jeni. Hampton Carson, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza nzi wa Hawaii, alilikuza wazo hilo kuanzia mwaka 1968. Kwa maoni yake, baada ya waanzilishi wachache kutua mahali papya penye chakula tele, idadi hufumuka haraka, na katika neema hiyo hata wenye mchanganyiko wa ajabu wa jeni huishi. Idadi inapoporomoka tena, wanaonusurika wanaweza kuwa na mpangilio ambao usingepata nafasi nyumbani kwa wazazi wao. Tabia za uchumba, kwa kuwa hutegemea dume na jike kuelewana ishara, zingekuwa za kwanza kuvurugika.

Ni wazo zuri, ila hesabu inalibana. Ukianza na dume mmoja na jike mmoja wasio ndugu, kizazi kinachofuata hubaki, kwa wastani, na robo tatu ya tofauti za jeni zilizokuwa katika umma walikotoka. Ukianza na jozi tano, kinabaki na asilimia 95. Kinachopotea hasa ni jeni adimu, zile ambazo mdudu mmoja katika mia alikuwa nazo. Jeni za kawaida huvuka. Mwaka 1975 Masatoshi Nei na wenzake walionyesha kwamba muda wa kubaki wachache una uzito mkubwa kuliko uchache wenyewe. Kundi linalofumuka mara moja hupoteza kidogo, na linalosota kwa vizazi vingi hupoteza sana. Nzi wa nyumbani, ambaye hutaga mayai mia kadhaa maishani mwake, hufumuka haraka. Mbung'o hawezi. Jike wake huzaa buu mmoja mmoja, takriban kila baada ya siku tisa au kumi, hivyo mbano uleule humuumiza kwa muda mrefu zaidi. Tofauti hii tutaihitaji tukifika Tanga.

Hata hivyo, hesabu hiyo si neno la mwisho, na haki inadai niseme kilicho upande wa pili. Mwaka 1986 Edwin Bryant na wenzake huko Texas walipitisha nzi wa nyumbani kwenye mbano wa jozi moja, jozi nne na jozi kumi na sita, kisha wakapima maumbo ya miili ya wazao. Nadharia ilitabiri kwamba tofauti za kurithiwa zingepungua, kumbe baadhi ya koo zilizobanwa zilionyesha tofauti kubwa kuliko wazazi wao. Sababu ni kwamba jeni hazifanyi kazi kila moja kivyake. Jeni iliyokuwa imefichwa na mwenzake hujitokeza pale mwenzake anapopotea. Lisa Meffert na Bryant waliendelea na koo hizo wakatazama uchumba wenyewe: namna dume anavyomrukia jike na anavyombembeleza. Katika ripoti yao ya mwaka 1991, koo zilizotoka kwenye nzi walewale zilikuwa zimeanza kuchumbiana kwa mitindo tofauti. Lakini kila ukoo ulikwenda njia yake. Bahati nasibu ilitikisa tabia bila kuielekeza popote.

Mwelekeo tunaupata Hawaii, na kwa mtafiti Kenneth Kaneshiro.

Visiwa vya Hawaii vimepangana kwa umri. Kauai, kaskazini-magharibi, ina miaka ipatayo milioni tano. Kisiwa Kikubwa chenye jina la Hawaii, kusini-mashariki, hakijafika hata milioni moja. Nzi wa jamii ya drosofila wamehama kutoka visiwa vikongwe kwenda vichanga kadiri volkano zilivyoinua ardhi mpya, na mamia ya spishi yametokana na wahamiaji wachache. Wapo wenye mbawa za madoadoa, wakubwa kuliko vijinzi tunavyoviona kwenye ndizi mbivu, na uchumba wao ni wa kina: dume hushika eneo lake, hupigana na madume wengine, kisha hucheza mbele ya jike kwa hatua zinazofuatana. Jike hutazama, na mara nyingi huondoka.

Kaneshiro aliwaweka pamoja maabara nzi wa spishi nne zenye undugu wa karibu, wakongwe kutoka Maui na Molokai na wachanga kutoka Kisiwa Kikubwa. Mwaka 1976 alitangaza alichokiona. Majike wa spishi kongwe waliwakataa madume wa spishi changa. Majike wa spishi changa waliwakubali madume wa spishi kongwe bila shida kubwa. Kukataliwa kulikuwa kwa upande mmoja. Maelezo yake yalikuwa kwamba madume wa spishi changa wamepoteza baadhi ya hatua za uchumba wa zamani. Jike mkongwe akikosa hatua anayoitarajia huona huyu si mwenzake, ilhali jike mchanga, aliyezoea kuridhika na machache, akioneshwa zaidi hana sababu ya kukataa.

Kwa nini hatua zipotee? Hapo ndipo Kaneshiro, katika maandishi yake ya baadaye, alipoachana na Mayr na Carson kwa kiasi ambacho nadhani hakikutiliwa maanani vya kutosha. Katika umma mkubwa, alisema, majike wana viwango tofauti: wapo wagumu na wapo wepesi. Madume nao hivyohivyo, wachache hupanda sana na wengi hawapati kitu. Mbano unapokuja, jike mgumu anaweza kuishi siku zake zote asikutane na dume wa kumridhisha. Mchagua nazi hupata koroma, lakini huyu hapati hata koroma, na ugumu wake unakufa naye. Mwepesi huzaa, na binti zake hurithi wepesi. Huu si upotevu wa bahati nasibu. Ni uteuzi wa asili, wenye mwelekeo mmoja, na hufanya kazi ndani ya vizazi vichache tu, hata kama hakuna jeni hata moja adimu iliyopotea njiani.

Idadi ikipanda tena, masharti yanaweza kurudi, ila si lazima yawe yaleyale. Nzi aitwaye Drosophila silvestris anatupa mfano. Anaishi Kisiwa Kikubwa, pande mbili za milima. Madume wa upande wa Hilo wana safu ya ziada ya vinywele kwenye miguu ya mbele ambayo wenzao wa upande wa Kona hawana, na dume huitikisa miguu hiyo juu ya tumbo la jike wakati wa kumbembeleza. Spishi ileile, kisiwa kilekile kichanga, na tayari upande mmoja umeongeza pambo jipya. Mlango uliolegezwa na uhaba ulipitisha kitu kipya, kisha majike wakaanza kukidai.

Wazo hilo halikupita bila kupingwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Kijapani, Watanabe na Kawanishi, waliandika katika jarida la Science kwamba kwa nzi waliowachunguza mwelekeo ulikuwa kinyume, na kwa muda watu waligeuza suala zima kuwa mashindano ya kujua nani mkongwe na nani mchanga kwa kutazama nani anamkataa nani. Naona mashindano hayo yalipoteza muda. Kukataana kwa upande mmoja kunaweza kutokana na mambo mengi, na kukutumia kama saa ya kupimia umri wa spishi ni kukubebesha mzigo kusioweza kuubeba. Thamani ya Kaneshiro iko kwenye utaratibu alioueleza, yaani uhaba kulegeza masharti, na utaratibu huo unaweza kupimwa bila kujua nani alitangulia.

Majaribio ya maabara yaliyofuata yalipima zaidi wazo la Carson kuliko la Kaneshiro. Jeffrey Powell, mwaka 1978, alipitisha Drosophila pseudoobscura kwenye mizunguko ya mbano na kufumuka, na baadhi ya koo zake zikaanza kupendelea kupandana na wa kwao. Ilikuwa habari ya kusisimua. Lakini kikundi cha Francisco Ayala kiliporudia kwa upana zaidi katika miaka ya 1990, dalili zilikuwa chache na hafifu. Howard Rundle na wenzake, mwaka 1998, walijaribu mbano mmoja mmoja kwa Drosophila melanogaster bila kupata utengano wa maana. Mwaka 2003 Rundle aliongeza mazingira tofauti juu ya mbano, na bado nzi wa koo mbalimbali walipandana bila ubaguzi. Wengi walihitimisha kwamba mbano hauna kazi kubwa katika kuzaa spishi mpya. Kuhusu mapinduzi ya jeni, nakubali. Lakini tazama majaribio yenyewe yalivyofanywa: nzi wanabanwa hadi jozi moja ndani ya chupa ndogo, dume na jike wakiwa sentimita chache kutoka kwa mwenzake. Jeni zimebanwa, wachumba hawajaadimika. Jike hatafuti dume. Dume yuko mbele ya macho yake mchana na usiku. Jaribio la namna hiyo haliwezi kupima kitu ambacho Kaneshiro alikizungumzia.

Kwa bahati nzuri, Kauai ilifanya yenyewe jaribio linalofaa.

Nyenje aitwaye Teleogryllus oceanicus anapatikana Australia na amesambaa visiwani katika Pasifiki hadi Hawaii. Dume husugua mbawa zake za mbele, zenye msumeno upande mmoja na kikwaruzo upande mwingine, akatoa mlio wa kuwaita majike kutoka mbali. Jike akikaribia, dume hubadili mlio akaimba wa kubembeleza. Huko Hawaii, na huko tu, nyenje huyu amekutana na nzi Ormia ochracea kutoka Amerika Kaskazini. Nzi jike huyo ana masikio. Huufuata mlio wa nyenje gizani, huweka vifunza vyake juu ya dume anayeimba, nao humtoboa na kumla kutoka ndani.

Marlene Zuk alikuwa akiwafuatilia nyenje hao tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Kila mwaka Kauai ilizidi kuwa kimya, na ilipofika 2001 ilikuwa nadra kusikia hata mlio mmoja. Ilielekea kwamba nzi amewamaliza. Kumbe mwaka 2003 Zuk na wenzake wakakuta nyenje tele kwenye majani, na karibu madume wote walikuwa na mbawa bapa zisizo na msumeno wa kufaa. Ripoti yao ya mwaka 2006 ilisema zaidi ya asilimia 90 ya madume wa Kauai walikuwa mabubu, na kwamba badiliko hilo, linalotokana na jeni moja kwenye kromosomu X, lilienea kwa vizazi visivyofika ishirini. Katika historia ya mageuko yaliyoshuhudiwa na macho ya watu, hili ni miongoni mwa ya haraka zaidi.

Faida ya ububu ni rahisi kuielewa: nzi hakusikii. Kigumu ni kuelewa jinsi bubu alivyopata jike, katika spishi ambayo mlio ndio barua ya posa na ndio mahari. Kwanza, mabubu hujikusanya karibu na dume mmoja mmoja anayeimba bado, wakamdaka jike anayekuja kwa mlio wa mwingine. Lakini jike akishafika bado anapaswa kumkubali dume asiyembembeleza kwa sauti. Robin Tinghitella na Zuk walilipima hilo wakachapisha mwaka 2009: majike wa visiwani walikuwa wepesi zaidi kuwakubali mabubu kuliko majike waliotoka Australia. Wepesi huo ulikuwepo hata visiwani ambako mabubu hawakuwa wameenea, maana yake ulitangulia ububu. Mwaka 2011 Tinghitella na wenzake walifuatilia jeni za nyenje hawa katika Pasifiki wakaona alama za mbano baada ya mbano kadiri walivyoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Picha inakamilika: safari ndefu ya waanzilishi wachache iliwalegeza majike, na badiliko lilipozuka likakuta mlango umeshafunguliwa.

Msomaji makini atasema kwamba Australia hakuna nzi huyo, hivyo bubu wa huko angepata hasara tupu bila faida. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba wepesi wa majike peke yake uliwaeneza mabubu. Nzi alisukuma, majike hawakuzuia. Vilihitajika vyote viwili. Mwaka 2014 iligundulika kwamba mabubu wa kisiwa cha Oahu walitokana na badiliko jingine kabisa, si la kuletwa kutoka Kauai. Badiliko la kuua mlio, basi, lilizuka mara mbili katika muda mfupi, na katika visiwa vyote viwili lilikuta majike wa kulipokea.

Kuna jambo jingine hapa linalonivutia kuliko yote. Nathan Bailey na Zuk walionyesha mwaka 2008 kwamba jike wa nyenje huyu akilelewa katika ukimya huwa mwepesi zaidi kuliko aliyelelewa akisikia milio mingi. Hakuna jeni iliyobadilika. Amejifunza kutokana na mazingira kwamba wachumba ni haba. Kwa hiyo mbano hufanya kazi kwa tabaka mbili. Ndani ya maisha ya jike mmoja, uhaba humlegeza. Kupitia vizazi, uteuzi unawapa nafasi waliolegea zaidi. La kwanza hulinunulia la pili muda, kwa sababu idadi isingenusurika mwaka wa kwanza ikiwa kila jike angesubiri jeni zibadilike.

Si kila mbano unaishia kwenye kulegeza masharti. Kwa mdudu mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, anayejulikana na kila mwenye ghala, tatizo huwa undugu. Łukasz Michalczyk, Matthew Gage na wenzao walichapisha mwaka 2011 majaribio ambamo koo zilibanwa mpaka wadudu wakawa ndugu wa karibu. Jike wa ukoo kama huo akipandwa na dume mmoja alipata watoto wachache sana. Akipandwa na madume kadhaa hasara hiyo ilifidiwa. Baada ya vizazi kumi na tano, majike wa koo zilizobanwa walikuwa wamegeuka: walitafuta madume wengi zaidi kuliko majike wa koo zilizobaki kubwa. Hapa mbano haukupunguza uchaguzi bali uliuhamishia tumboni, ambako mbegu za madume tofauti hushindana.

Na sasa Tanga. Katika mji huo palifugwa mbung'o aina ya Glossina austeni kwa ajili ya kuikomboa Unguja na nagana, ugonjwa wa mifugo. Kati ya 1994 na 1997 zaidi ya madume milioni 8, waliotiwa utasa kwa mionzi, waliachiwa kisiwani kutoka angani. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, hivyo akimpata tasa basi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi Septemba 1996. Ushindi huo ulitegemea jambo moja: dume wa kufugwa akubalike na jike wa porini. Kwa bahati, majike wa Unguja walikuwa wakizidi kupungua kila mwezi, na jike aliyezungukwa na matasa watupu hakuwa na nafasi ya kuchagua. Isitoshe mbung'o, anayezaa buu mmoja mmoja, hakuweza kufumuka tena, na kazi ilimalizika haraka.

Pale kazi inapokokota, jike hupata muda wa kujibu. Nzi wa matunda wa Mediterania, mwenye asili ya Afrika, anaangamizwa kwa mbinu hiyohiyo sehemu nyingi za dunia, na kiwanda cha El Pino nchini Guatemala kinaweza kutoa zaidi ya bilioni moja ya madume tasa kwa wiki. Porini dume wa nzi huyu hukaa chini ya jani, hutoa harufu, hupuliza kwa mbawa, hutikisa kichwa, na jike humkagua. Ndani ya vizimba vilivyojaa mpaka hapana pa kutua, dume anayechelewa hunyang'anywa nafasi, hivyo vizazi vya kiwandani vimefupisha uchumba: wanaruka mapema. Mwaka 1996 Donald McInnis na wenzake waliripoti kwamba majike wa porini wa Kauai, mahali ambapo matasa walikuwa wameachiwa kwa muda mrefu, walikuwa wakiwakataa. Uteuzi uliwabakiza wale waliotambua uchumba wa haraka haraka na kuuepuka.

Watafiti wa Ifakara, Tanzania, wanalijua tatizo hili kutoka upande wake wa mwanzo kabisa. Mbu Anopheles funestus, msambazaji mkuu wa malaria katika vijiji vingi vya Tanzania, anagoma kupandana ndani ya vizimba. Madume wamezoea kucheza kwa kundi hewani wakati wa machweo, jike anaingia humo na kuchukua mwenzi. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara walipojaribu kuwafuga, majike wengi hawakupata mbegu kabisa. Kundi la kufugwa likifanikiwa baadaye, litakuwa limejengwa na wale wachache waliokubali kupandana katika nafasi finyu. Mbano wenyewe umechagua kwa kigezo cha uchumba, na kila kinachopimwa baadaye kuhusu uchumba wa mbu hao maabara kinabeba alama hiyo.

Kwa hiyo sioni faida ya kuhesabu tu jeni za makundi yanayofugwa, kama inavyofanywa mara nyingi, na kutangaza kwamba yamehifadhi tofauti za kutosha. Kundi linaweza kuwa na jeni tele na uchumba ulioharibika, kwa sababu kilichobadili uchumba ni msongamano au uhaba wa wenzi. Maabara ya Seibersdorf nchini Austria imebuni utaratibu wa kuweka kando kundi dogo la mama, lenye nafasi na msongamano mdogo, ambalo halirudishiwi kamwe nzi waliokulia katika vizimba vya uzalishaji. Ni njia sahihi, kwa kuwa inalinda mazingira ya uchumba pamoja na jeni. Jaribio ambalo ningelifanya kwanza ni la kutenganisha mambo haya mawili waziwazi: mbung'o walewale, koo nne. Ukoo wa kwanza ubanwe jeni lakini usongamanishwe. Wa pili uwe mkubwa lakini utawanywe mpaka jike akutane na dume kwa nadra. Wa tatu upate yote mawili. Wa nne usipate lolote. Baada ya vizazi kumi majike wa kila ukoo wapewe madume wa porini na madume wa kufugwa, ndani ya kizimba kikubwa chenye miti, na ihesabiwe nani amekubaliwa. Kama nimekosea kuhusu uhaba wa wachumba, ukoo wa pili ndio utakaonikanusha.